Msimu wa Kwanza wa Mlimau

Jumapili, 14 Oktoba 1990

Mume wangu Usumani walimchukua Jumapili iliyopita. Naanza kuandika leo kwa sababu nyumba hii haina tena mtu wa kuzungumza naye. Naandika Kiswahili, lugha ya baba yangu na ya chuo cha Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa mjini, nilikosomea kwa maalim. Mama mkwe wangu, Mukashema, hajui kusoma, na Kiswahili anakisikia sokoni tu.

Walikuja asubuhi, wanajeshi wawili, na pamoja nao Eustache, mkuu wa seli yetu, yaani mtaa wetu. Kati ya ua wake na wetu kuna michongoma tu. Usumani alikuwa nyuma ya nyumba anaegemeza tawi la mlimau kwa mti wa mkaratusi, maana mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza na haujui bado kubeba. Wakamuuliza kama ni yeye dereva anayekwenda Dar es Salaam. Akasema ni yeye. Wakamuuliza huko hukutana na nani.

“Na watu wa forodha,” akajibu.

Mmoja akampiga kofi. Eustache akatazama viatu vyake mwenyewe. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, nashona upindo wa gauni la mtu, na sikuitoa hadi walipoondoka. Usumani aligeuka mara moja akasema, “Leila, hilo tawi lifunge, litavunjika.” Basi. Kama mtu anayekwenda dukani.

Redio inasema wanaokamatwa ni ibyitso, washirika wa hao walioingia na bunduki kutoka Uganda. Mume wangu alichoingiza na lori ni chumvi na mabati. Na huo mche wa mlimau, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kutoka Kigoma, mwaka tuliooana.

Jumatano, 17 Oktoba

Nimelifunga tawi.

Ijumaa, 2 Novemba

Tumejua alipo. Yupo gereza la mjini, si tena uwanja wa mpira walikowakusanya kwanza. Chakula kinapokewa Ijumaa. Unapanga foleni na kikapu, unataja jina, askari anakichukua, analiita jina ndani ya kile kilango kidogo, mtu anaitika, kikapu kinaingia. Kisha unangoja nje kikapu kitupu kirudi. Mtu wako humuoni.

Leo askari aliita, “Nkusi Usumani!” nami nikaisikia sauti yake: “Ndiyo!” Neno hilo moja. Nimetembea nalo kutoka huko mpaka kwetu Niboye.

Jumatatu, 12 Novemba

Mvua. Malimau yamefikia ukubwa wa yai la bata. Kijani, magumu.

Jumapili, 18 Novemba

Générose, mke wa Eustache, hanisalimu tangu siku ile. Zamani tulikuwa tunapeana moto na chumvi kupitia michongoma, na nguo zote za komunio za watoto wake nilishona mimi. Sasa akiniona anageuka, kama aliyesahau kitu ndani.

Mama mkwe hafanyi hivyo. Yeye ananitazama, na hilo ni baya zaidi. Leo alikuwa anauzunguka mlimau, akasema bila kunigeukia, “Mti umezaa. Miaka minne, hata mti umezaa.” Nimelimeza. Nimeshameza mengi katika nyumba hii. Hakutaka mwanawe aoe binti wa Biryogo, hakutaka aache kanisa, na jina la Usumani halijawahi kutoka kinywani mwake. Kwake yeye ni Nkusi tu, jina alilompa mwenyewe.

Ijumaa, 23 Novemba

Kikapu. “Ndiyo!” Sauti imekwaruza.

Ijumaa, 7 Desemba

Nimechoka sana lakini lazima niandike haya.

Kwenye foleni alinifuata mwanamke ambaye mumewe ameachiwa juzi. Alinivuta kando, karibu na mfereji. Mumewe alilala chumba kimoja na Usumani. Alisema humo wanalala kwa zamu, kwa kuwa sakafu haiwatoshi. Meno yanalegea, ufizi unatoa damu, matumbo yanawaendesha. “Mume wako aliomba tukukute tukuambie. Anauliza kama ndimu zimeiva. Anasema, hata moja. Anaota ndimu.” Huku limau na ndimu tunaviita jina moja.

Leo aliitwa mara mbili kabla sijasikia “Ndiyo.”

Nimepita soko la Kicukiro. Hakuna. Magari ya shambani yanazuiwa vizuizini, na yanayopita yamebeba viazi na makaa. Mwanamke wa nyanya alicheka: “Ndimu? Mwaka huu nani iko na tumbo la ndimu?”

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye mti na kisu. Mama mkwe akanitangulia. Sijui alinionaje. Akasimama kati yangu na mti, mdogo vile, kanga imefungwa kifuani.

“Bado ni kijani,” akasema.

“Mama, ameyaomba.”

“Ameomba yaliyoiva. Ndimu huiva ikiwa njano. Hata mtoto anajua. Utampelekea mgonjwa jiwe chungu?” Halafu akasema kilichokuwa moyoni. “Na matunda ya kwanza hukatwa na aliyepanda. Ukimkatia, umesema harudi. Mimi mwanangu anarudi.”

Nimerudisha kisu jikoni. Nilijiambia ni kwa heshima. Nadhani nami niliogopa neno hilo, “harudi.”

Jumapili, 9 Desemba

Mama yupo misani. Nilikuwa nafua, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya michongoma. Générose. Alikuwa ameinama kana kwamba anaokota kuni.

“Leila,” akasema, “msingoje njano.”

Niliendelea kusuuza nguo.

“Kwetu Bugesera baba alikuwa nayo, miti mingi. Huku kuna joto mchana kutwa, ndimu inaweza kuiva ikiwa kijani. Tazama ganda. Likiwa na vidutu na halina mng’ao, bado. Likiwa laini na linang’aa, libonyeze kwa kidole gumba. Likibonyea kidogo, kata. Hizo za upande wa jua zimeshafika. Ukingoja iwe njano yote ganda linanenepa, ndani panakauka. Na ukishaikata haiivi tena, si kama ndizi. Kwa hiyo usikosee huku wala huku.”

“Nani amekutuma?” nikamuuliza.

“Hakuna aliyenituma.”

“Mume wako anataka ndimu za chai?”

Niliuona mkono wake tu, umeshika kijiti. Kisha akaenda.

Jioni nilimweleza mama. Alitema mate chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. “Mke wa aliyewaonyesha mlango wetu ndiye atatufundisha kuvuna? Anataka tuyakate mabichi tuyatupe. Au tukiyakata waje wayachukue.” Nilimuunga mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana jambo, mimi na yeye, na lilinipa joto fulani. Tulikula sahani moja.

Ijumaa, 14 Desemba

Kikapu: maharage, mihogo ya kuchemsha, sukari katika karatasi. Mvua kubwa, kelele za mabati, sikusikia kitu. Kikapu kimerudi kitupu, basi alipokea.

Ijumaa, 21 Desemba

Aliitika upesi leo. “Ndiyo!” kwa nguvu. Nimemwambia mama sauti imepata nafuu, akapiga ishara ya msalaba.

Jumanne, 25 Desemba

Mama ametoka misani. Nilimpikia wali. Malimau yamebaki kijani.

Jumapili, 6 Januari 1991

Mazungumzo yetu mimi na mama sasa ni ya rangi. Asubuhi anatoka na kikombe cha uji, anasimama chini ya mti. “Lile la juu linaelekea njano.” Mimi naangalia, naona kijani, nasema, “Labda, Mama.”

Jumatano, 16 Januari

Upepo wa usiku umeangusha limau moja, la upande wa jua. Nimelikuta chini asubuhi, kijani, limekwaruzwa na kokoto. Nilitaka kulitupa. Nikakumbuka kidole gumba. Ganda lilikuwa laini, likabonyea.

Nimelikata juu ya jiwe la kufulia. Maji yaliruka yakaniingia jichoni. Limejaa. Nilikaa chini pale pale, jicho linawaka, mkono unatiririka, nikalamba kiganja. Sijawahi kuonja limau kama lile.

Mama alitoka akanikuta. Akachukua nusu ya pili, akaikamua katika kiganja chake, akatazama maji yanavyomwagika. Alilitazama lile ganda la kijani muda mrefu.

“Yalikuwa tayari,” akasema.

“Yalikuwa tayari, Mama.”

“Tangu lini?”

Nilimfikiria Générose na mkono wake kwenye michongoma.

Mama akaingia ndani, akatoka na kisu changu cha jikoni. Alinipa mimi. “Kata wewe. Mimi nitayapokea.” Na nilipokuwa nakata, yeye akishika upindo wa kanga yake chini yangu kuyapokea, aliniita mwanangu. Si mukazana, mke wa mwana, kama anavyoniita siku zote. Mwanangu.

Ijumaa, 18 Januari

Tumepeleka malimau yote yaliyobonyea. Kikapu kimerudi, na ndani hakuna hata ganda. Nilimwonyesha mama kikapu. Alipitisha mkono chini kabisa, akanusa vidole. “Amekula na maganda yake,” akasema, akacheka. Sikuwa najua kwamba huyu mama ana mwanya.

Alhamisi, 24 Januari

Redio inasema wameshambulia Ruhengeri. Eustache amepita nyumba hadi nyumba akihesabu watu. Kwetu aliuliza tuko wangapi. Mama akasema, “Watatu.” Eustache hakuandika kitu. Aliutazama mlimau, nikadhani ataomba, nikajiandaa kukataa au kutokataa. Akaondoka.

Ijumaa, 25 Januari

Malimau. “Ndiyo!”

Ijumaa, 1 Februari

Malimau, maharage, ndizi. Hakuna hata ganda.

Jumapili, 10 Februari

Nilikwenda hadi kwenye michongoma nikamwita Générose. Alikuja akijifuta mikono. Nikamwambia, “Ulisema kweli.” Akatikisa kichwa, akanong’ona, “Nilikuwa nimesema mapema, dada. Ningekuja mlangoni, lakini Eustache…” Kisha akaniambia kitu ambacho nilikuwa sikijui: siku ile wanajeshi walikuwa na majina matatu ya mtaa wetu, na moja lilikuwa la kaka yake yeye, Générose. Eustache alichagua waanzie kwetu, si kwa shemeji yake. Générose alikuwa analia bila sauti. Sikuweza kumsamehe, na sikuweza kuondoka. Nilimpa malimau mawili. Alikataa. Nikayaweka juu ya michongoma, na asubuhi bado yalikuwa pale.

Ijumaa, 22 Februari

Wengine wameanza kutoka. Wanawake wanapiga vigelegele kwenye foleni na kuvikata katikati, wakikumbuka sisi wengine. Mama ameosha shuka za Usumani.

Ijumaa, 8 Machi

Malimau yaliyobaki juu yamekuwa njano kweli, mazuri kama ya picha. Nimekata moja. Ganda nene, ndani pamekauka kama pamba. Ya chini bado ni mema. Mama anasema tumkatie ya chini, ya njano tuyaache, atayacheka mwenyewe akirudi.

Jumamosi, 16 Machi

Nilikuwa kwenye baraza ninaposhonea, karibu na soko. Alikuja mtu mrefu, amekonda hadi koti limeshikwa na mabega tu. Akasimama mbele ya cherehani na hakutoa kitambaa.

“Wewe ni mke wa Usumani Nkusi?”

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali.

Jina lake ni Silvère. Alikuwa karani wa ghala. Ameachiwa Jumatano. Nilimpa kigoda, akakaa, akasimama tena, akasema hawezi kuyasema haya amekaa.

“Alikufa Desemba, dada. Siku chache kabla ya Noeli. Tumbo. Alitoka damu kwa siku mbili. Tulimfunika na koti hili.”

Nilisema haiwezekani. Nilisema ninamsikia kila Ijumaa. Nilisema hata jana, japo sauti ilikuwa imepasuka.

“Ni mimi niliyekuwa naitika,” akasema.

Watu walikuwa wanapita. Mtu aliuliza bei ya kola, nikamjibu, sijui nilimjibu nini.

Silvère alieleza polepole. Watu wake wako Byumba, vita viliwatawanya, hakuna aliyejua alipo. Miezi ile hakupata kikapu hata kimoja, alikula alichopewa na Usumani. Usumani alipokufa walimtoa asubuhi, na Ijumaa iliyofuata jina lake likaitwa mlangoni kama kawaida, maana hakuna aliyelifuta. “Nikaona kikapu kinarudishwa. Nikasema ndiyo. Sikufikiri. Tumbo ndilo lililosema. Baadaye ikawa kila Ijumaa. Tuligawana, usidhani nilikula peke yangu. Zile ndimu tulizikata vipande, kila mtu ananyonya, tunatafuna na maganda. Meno yangu yalikuwa yanacheza. Tazama.” Akafungua kinywa kunionyesha, kama mtoto, na meno yalikuwepo.

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na mkasi mkononi, mkubwa wa kitambaa, nikauweka chini ya meza.

“Aliziona?” nikauliza. “Hizo ndimu. Alionja hata moja?”

“Zilianza kuja Januari.”

“Aliuliza?”

“Kila Ijumaa.”

“Zilikuwa kijani,” nikasema. “Tulidhani mbichi. Tulidhani hazimfai.”

Alinitazama kwa macho mekundu, na bila ubaya wowote akasema, “Dada, mle ndani hata jani lingefaa.”

Halafu, alipokuwa anaondoka, akageuka. Alisema kuna jambo moja zaidi na nikitaka nimtukane. Wakati wa kutoka alimwachia mzee mmoja jina la Usumani. Katekista wa kule kwao Byumba, haoni vizuri, hana mtu. “Jana ni yeye aliyeitika. Ukiacha kuleta, ni haki yako. Nimesema tu ujue.”

Nimerudi nyumbani. Mama ameuliza kwa nini nimerudi mapema. Nimesema cherehani imeharibika.

Jumapili, 17 Machi

Ramadhani imeingia. Namshukuru Mungu kwa funga, maana mama haulizi kwa nini sili.

Jumanne, 19 Machi

Leo nilifungua kinywa mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa anakunja shuka zile. Mara ya pili aliniuliza kama kule ndani wana madirisha.

Namchukia Silvère asubuhi. Jioni namwona na koti lake, na sijui nimchukie kwa lipi. Ninayemchukia zaidi ni mimi, ninayeweka kidole gumba juu ya kila limau sasa na kujua.

Ijumaa, 22 Machi

Asubuhi mama alitoka amevaa mushanana, vazi lake la misa. “Leo nakwenda na wewe,” akasema. “Wanatoka watu. Kama atatoka leo, anikute mlangoni.”

Nilimwambia ni mbali, mvua itanyesha, miguu yake. Akaninyang’anya kikapu. Alikuwa ameshakata malimau mwenyewe, ya chini, yaliyobonyea yote, hakukosea hata moja.

Tulikwenda polepole. Kwenye kizuizi cha Sonatubes askari alichokonoa kikapu kwa fimbo, akachukua mawili, akatuachia. Mama alimwambia asante. Njia yote nilikuwa natafuta maneno, nikiyapata nayaona ni ya kumwambia akiwa ameketi, na hakukuwa na pa kuketi.

Foleni ilikuwa fupi. Wengi wameshaachiwa, wengine watu wao wameacha tu kuja. Tukafika mbele. Mama mwenyewe akataja jina, na alilitaja lote, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu: “Nkusi Usumani.” Askari akageukia kilango.

“Nkusi Usumani!”

Nilimshika mama mkono.

“Ndiyo,” ikajibu sauti, ya mzee, imepasuka.

Kikapu kikaingia. Kilango kikafungwa.

Mama hakusogea. Watu wa nyuma walitusukuma kidogo, tukasimama kando, karibu na mfereji. Mvua ilianza, matone makubwa machache.

“Huyo siye mwanangu,” akasema.

Ningeweza kusema ni kikohozi, ni baridi ya mle ndani. Maneno hayo yote nilikuwa nayo tayari.

“Siye, Mama.”

“Tangu lini?”

“Kabla ya Noeli.”

Akahesabu, nikaona midomo yake inatembea. Aliipita Noeli, akarudi nyuma mpaka siku ile aliposimama mbele ya mti.

“Kwa hiyo hakuzila.”

“Hakuzila.”

Hakulia. Alijifunga kanga upya kichwani, akauliza, “Na huyu ni nani?”

“Mzee wa Byumba. Haoni. Hana mtu.”

Nikamshika kiwiko. Nilitaka tuondoke kabla mvua haijakolea. Nilikuwa nimefunga, kinywa kimekauka, nilitaka mlango ule uwe nyuma yetu. Lakini yeye akajiegemeza kwenye ukuta wa gereza, akaikunja mikono ndani ya mushanana yake iliyolowa.

“Tunakwenda wapi?” akasema. “Kikapu bado hakijarudi. Ijumaa ijayo tutamletea huyo mzee kwa kikapu gani?”